Shule moja, marika mawili: nani alichora ramani?

Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilikuwa mbioni kujenga madarasa 10,000 katika shule za sekondari, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, hakuchoka kuzunguka akikagua. Wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi wangeingia humo Januari 2023. Hawakuingia. Desemba 2022, jopo la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza gredi ya saba, ya nane na ya tisa, yaani sekondari msingi, zikae katika shule za msingi. Madarasa yakabaki ng'ambo moja ya ua, watoto ng'ambo ya pili.

Wazazi wengi walishusha pumzi. Hawakutaka mtoto wa miaka 12 achanganywe na vijana wa miaka 18, na hofu yao ilikuwa na msingi. Ila hakuna aliyetazama sana upande wa chini. Leo mtoto wa chekechea wa miaka minne anapita lango moja na kijana wa miaka 15 aliyeanza kubadilika sauti.

Mimi sioni ubaya wa kuwaweka pamoja. Kaka na dada wakienda shule moja, mzazi ana safari moja asubuhi na mkutano mmoja wa kuhudhuria. Kinachonikera ni mazoea ya kudhani kuwa kupanga shule ni kuhesabu madarasa tu. Gredi ya tisa ilipokaribia, mjadala mzima ulikuwa wa madarasa 16,000 yaliyoahidiwa kufikia Januari 2025. Wachache waliuliza: yatasimama wapi uani? Nani atapita mbele ya dirisha la nani?

Chukua kengele. Kipindi cha gredi ya kwanza hadi ya tatu ni dakika 30, cha gredi ya nne hadi ya sita dakika 35, cha sekondari msingi dakika 40. Wote wakianza saa mbili na dakika 20, wadogo wanamaliza saa tatu kasoro dakika 10, wa kati saa tatu kasoro dakika tano, wakubwa saa tatu kamili. Kengele tatu ndani ya dakika kumi, na kila moja inakatiza somo la mtu. Kisha wadogo wanatoka kucheza huku gredi ya nane ikihangaika na aljebra hatua chache kutoka hapo. Ratiba haiwezi kuondoa kelele hizo. Nafasi kati ya majengo inaweza, na hata ukuta usio na dirisha upande wa uwanja wa wadogo ungesaidia.

Vyoo navyo vina hesabu yake: tundu moja kwa wasichana 25, moja kwa wavulana 30. Mkaguzi akikuta idadi imetimia, anatia tiki na kuondoka. Lakini tundu linalomfaa msichana wa gredi ya tisa linamtisha mtoto wa miaka minne. Ataogopa kutumbukia, na mwishowe atajisaidia nyuma ya choo. La kwake liwe dogo, mlango uwe mfupi ili mwalimu aone, na komeo lisiwe la kumfungia ndani. Dada yake anahitaji kinyume chake: mlango kamili, komeo imara, maji humo humo ndani na pipa lenye mfuniko. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali impe sodo kila msichana aliyebalehe akiwa shuleni. Pasipokuwa na mahali pa kuitupa, inaishia shimoni, na shimo linajaa kabla ya wakati wake.

Kuhusu ngazi nitasema machache. Februari 3, 2020, watoto wasiopungua 13 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walifariki katika msongamano wakishuka ngazi jioni. Shule ikilazimika kujenga ghorofa, wadogo wakae chini, na pasiwe na ngazi moja tu ya kutokea.

Vitu vya kushirikiana vipo: uwanja, jikoni, maktaba, na hasa maabara. Gredi ya tano nayo inasoma sayansi, kwa nini maabara iwe ya wakubwa peke yao? Ikae mpakani mwa pande mbili, iwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na gesi na kemikali zifungiwe chumba cha pembeni.

Hapa historia ingetusaidia, tungeiuliza. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana za useremala na vyumba vya sayansikimu. Baadaye masomo yale yakapunguzwa, karakana zikageuzwa stoo. Baadhi ya shule kongwe bado zina chumba cha namna hiyo: madirisha mapana, sakafu ya saruji, meza nzito za mbao zimesukumwa ukutani na viti vibovu vimerundikwa hadi karibu na dari. Kukivutia bomba la maji, kukitia sinki na kukitoboa mlango wa pili kutagharimu kiasi gani? Fundi wa kijijini anaweza kupiga hesabu hiyo asubuhi moja, kabla bodi ya shule haijaidhinisha msingi mpya kuchimbwa katikati ya uwanja wa mpira.