Injini inakupa sifa, breki inakurudisha nyumbani

SHABIKI wa soka analijua hili. Straika akifunga mawili anabebwa juu juu, picha yake inatoka ukurasa wa mbele. Beki aliyeokoa mpira kwenye mstari dakika ya 89 anakumbukwa siku akikosea tu. Kwenye gari za mbio, beki huyo anaitwa breki.

Kila anayeanza kupenda gari za kasi anaanzia kwenye injini. Anafunga turbo, anabadili egzosi, anatafuta mlio wa kutisha mtaa mzima. Sio mbaya. Lakini gari ikishaipata kasi, kuna kona mbele inayotaka kasi hiyo iondoke chapu, na pale turbo haina msaada wowote.

NÜRBURGRING HAINA MSWALIE MTUME

Sehemu inayofundisha somo hili bila huruma iko Ujerumani, kwenye msitu wa milima ya Eifel. Ni Nürburgring Nordschleife, njia iliyofunguliwa mwaka 1927, yenye urefu wa kilomita 20.8 kwa mzunguko mmoja. Formula One iliikimbia mara ya mwisho mwaka 1976, mwaka ule Niki Lauda alipopata ajali na kuungua vibaya, halafu akarudi kwenye usukani baada ya wiki sita.

Utamu wake ni kwamba hata raia wa kawaida anaingia. Siku zilizopangwa, unalipia mzunguko, unapita geti na gari lako lilelile la kwendea kazini. Pia kuna siku ambazo uwanja unakodiwa na madereva wanalipia kukimbia kutwa nzima, utaratibu uliopo kwenye viwanja vingi vya mbio duniani.

Sasa cheki ramani yake. Unapita Schwedenkreuz kwa kasi ya kutisha, unakanyaga breki kwa nguvu kuingia Aremberg. Ukitoka hapo unateremka Fuchsröhre kama jiwe, na ukifika chini tu, Adenauer Forst inakusubiri. Mbele zaidi kuna mteremko wa Wehrseifen hadi Breidscheid. Kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna tofauti ya takriban mita 300. Gari la kawaida linaweza kuanza mzunguko likiwa na breki safi na kuumaliza halina kitu.

ISHU NZIMA NI JOTO

Iko hivi. Breki haipotezi kasi, inaigeuza kuwa joto. Kasi ikiongezeka mara mbili, mzigo wa breki unaongezeka mara nne. Ndiyo maana breki zinazotosha kabisa kwenye foleni ya mjini zinaweza kukuumbua uwanjani.

Chukua gari la kilo 1,400 linalotoka kilomita 180 kwa saa hadi 80. Joto linalotoka hapo linatosha kuchemsha lita nne za maji ya nyuzi joto 20. Ni kona moja tu, kwa sekunde kama tatu au nne, na sehemu kubwa inabebwa na magurudumu ya mbele. Halafu kona nyingine inakuja kabla diski hazijapoa.

Aliyewahi kushuka Kitonga na kusikia harufu ya breki za lori zilizoungua anaelewa tunachozungumza.

Breki zikizidiwa na joto zinafeli kwa namna mbili. Ya kwanza, pedeli inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni. Hapo mafuta ya breki yamechemka, yametoa mvuke, na mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Ya pili, pedeli ni ngumu kama kawaida lakini gari halisimami. Hapo pedi zimepita joto lake na haziumi tena diski. Ukizijua hizi mbili, fundi hawezi kukuuzia spea usiyoihitaji.

ANZA NA KITU CHA BEI NDOGO

Wengi wakisikia kuboresha breki wanawaza diski kubwa na kalipa nyekundu zinazong'aa ndani ya rimu. Kumbe usajili wa kwanza ni mafuta ya breki.

Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani taratibu, na kila yanapoingiwa na maji yanachemka mapema zaidi. DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Hiyo ni tofauti kubwa mno kwa kitu ambacho wengi hawakibadilishi hadi breki zigome.

Yapo mafuta ya mbio yanayovuka nyuzi joto 300 yakiwa mapya. Hayo ni makali lakini yanataka kubadilishwa mara kwa mara. Angalizo moja: DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. Ukibadili, toa upepo magurudumu yote manne mpaka pedeli iwe ngumu.

PEDI NDIYO NAMBA SITA YAKO

Usajili wa pili ni pedi. Za barabarani zimetengenezwa ziume hata zikiwa za baridi asubuhi, zisipige kelele na zidumu. Za uwanjani zinavumilia joto kubwa, lakini zikiwa za baridi haziumi vizuri, zinapiga kelele, zinatoa vumbi na zinakula diski. Anayetoka nyumbani, anakimbia uwanjani na kurudi na gari lilelile, achague zinazokaa katikati au abebe seti mbili.

Pedi mpya usiende nazo uwanjani siku hiyohiyo. Zizoeshe kwanza: kwenye sehemu salama, punguza kasi mara kadhaa kwa nguvu inayoongezeka, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Hapo tabaka jembamba la pedi linajipaka sawasawa kwenye diski. Likijipaka vibaya, usukani unatetemeka na watu wanasema diski imepinda, wakati mara nyingi ni pedi tu zimeganda kwa mabaka.

Mipira ya breki iliyofumwa kwa waya wa chuma nayo inasaidia. Haiongezi nguvu ya kusimama, inafanya mguu uhisi vizuri kinachoendelea. Halafu kuna hewa: bomba linaloanzia kwenye bampa na kupeleka upepo katikati ya diski ni la bei ndogo na linafanya kazi kubwa. Diski za matundu zinapendeza machoni, ila kwenye joto kali hupata nyufa kwenye matundu. Diski zisizo na matundu, au zenye mifereji, ni salama zaidi.

DISKI KUBWA, TAIRI MBOVU

Vipi kuhusu diski kubwa? Zina faida, zinabeba joto jingi zaidi kabla ya kuzidiwa. Lakini kwenye kanyago la kwanza, anayesimamisha gari ni tairi. Kama breki zako za sasa zinaweza kufanya tairi zianze kuserereka au ABS ianze kugonga, diski kubwa haitakusimamisha mapema zaidi. Kufunga kubwa mbele bila hesabu pia kunaharibu uwiano wa mbele na nyuma, na hapo umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka.

Historia ipo. Mwaka 1953 Jaguar walishinda saa 24 za Le Mans na Tony Rolt na Duncan Hamilton, gari lao likiwa na breki za diski wakati wapinzani wengi walikuwa na za ngoma. Siri haikuwa kusimama vizuri mara moja. Ilikuwa kusimama vilevile kona baada ya kona, mchana na usiku.

MGUU NAO UFANYE MAZOEZI

Dereva naye ana kazi. Kanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia. Anayegusagusa breki mteremko mzima anazipika. Ukiisikia pedeli inabadilika, usisubiri mzunguko uishe, punguza mwendo hapohapo.

Mzunguko wa mwisho uwe wa taratibu ili zipoe. Ukipaki usivute handbreki, weka gia na kigingi kwenye tairi. Gari likisimama likiwa la moto, joto la diski linapanda hadi kwenye kalipa na mafuta yanaweza kuchemka ukiwa umekaa unakunywa soda.

Kwa hiyo kabla ya turbo, hesabu iwe hivi: mafuta mapya, pedi sahihi, tairi nzuri, hewa ya kupoza. Zikishindwa zote hizo, ndipo uongelee diski kubwa. Ligi inabebwa na timu isiyofungwa hovyo, na huku anayefungwa hovyo harudi wiki ijayo kulipiza.