Kuandika kwa Tochi Gizani

Mwezi huu tuongee juu ya kuchora kwa mwanga. Umeme ukikatika, ndiyo studio imefunguka!

Kazi yenyewe si ngumu. Weka kamera au simu mahali isitikisike, hata katikati ya matofali mawili. Kwenye simu tafuta sehemu ya kupanga kamera mwenyewe (si simu zote ziko nayo). Weka ISO 100, na muda wa sekunde 15 mpaka 30. Wakati huo mtu atembeze tochi hewani akiielekezea kamera. Kila mahali tochi ilipopita panabaki mstari. Mwenye tochi haonekani, mradi avae nguo nyeusi na asijimulike. Maneno yatatoka kinyume, lakini utayageuza baadaye.

Si jambo jipya. Mwaka 1949, kule Ufaransa, Gjon Mili alimpiga Picasso picha akichora hewani kwa taa ndogo ya umeme.

Kwetu sisi iko sababu nyingine. Wengi hapa Dzaleka hawataki sura zao zisambae mtandaoni, wanajua walimkimbia nani. Sasa mama na watoto wasimame mbele ya ukuta, mtu achuchumae nyuma yao aangaze huo ukuta, nao watulie mpaka tochi izimwe. Watatoka weusi tu. Kisha piga picha ya pili, uandike kwa tochi jina la yule aliyebaki Uvira au Fizi. Bibi atawatambua kwa namna wanavyosimama. Mgeni hataona kitu.

Kuunganisha hizo mbili, kwenye kompyuta iko GIMP, ni ya bure: unalaza picha moja juu ya nyingine, na kila mahali unabakiza penye mwanga zaidi. Kwenye simu Snapseed inatosha kwa kukata na kurekebisha mwanga. Ila hapo muwe macho! Ukiongeza mwanga kwenye sehemu za giza, sura uliyoificha inaweza kurudi. Na kama wewe unaweza kuirudisha, atakayeipokea picha naye ataweza. Zidisha weusi mpaka hakuna kitu ndani, ndipo utume. Zima pia ile alama ya mahali ambayo simu inaandika ndani ya picha.

Kusafisha picha Lilongwe ni safari ya kama kilomita 45, na tangu amri ya 2023 ya kurudisha wakimbizi kambini, kutoka bila karatasi ya ruhusa ni hatari. Afadhali nyumba kadhaa ziweke picha kwenye flashi moja, aende mmoja mwenye karatasi.