Kompyuta Yahitaji Kumbukumbu Kiasi Gani?

Watoto, katika Lubumbashi mmekwisha kuona kompyuta: katika chuo kikuu, katika benki, na katika vibanda wanamopigisha chapa barua. Ndani yake mna kumbukumbu na diski. Kumbukumbu ni kama meza ya karani. Diski ni kama kabati lake. Kitabu kilicho mezani hushikwa mara moja. Kilicho kabatini hukawiza kazi.

Meza ikijaa, karani hurudisha kitabu kimoja kabatini ili apate nafasi. Punde anakitaka tena. Kutwa anakwenda na kurudi, na kazi haiendelei. Ndivyo inavyokuwa kwa kompyuta yenye kumbukumbu chache. Mwenyewe husema, "Tununue kumbukumbu nyingine!" Pengine ni kweli. Pengine atatupa fedha bure. Basi apime kwanza.

Tuseme kompyuta ina gigabaiti 4 za kumbukumbu. Programu moja imeomba 6, imeshika 3, lakini yatumia 1 tu. Yawezaje kuomba kuliko zilizopo? Kwa sababu kuomba si kupewa. Kompyuta huahidi tu, kisha hutoa kadiri programu inavyogusa. Tena iliyoshikwa si lazima itumike: karani aweza kutandaza vitabu kumi na kufungua viwili.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, alieleza hivi: hitaji la programu ni kurasa zile inazozigusa katika muda fulani. Ukurasa ni kipande cha kumbukumbu, mara nyingi cha baiti 4,096. Kila ukurasa una alama yake. Programu ikiugusa, alama huwaka. Mpimaji huzima alama zote, hungoja kidogo, kisha huhesabu zilizowaka tena. Ni kama kuweka jani la nyasi juu ya kila kitabu cha karani. Baada ya saa moja, kitabu kilichoangusha jani lake ndicho kilichofunguliwa.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, makarani wawili wakitumia kamusi moja, msiihesabu mara mbili. Mpeni kila mmoja nusu yake. Pili, msipime kwa dakika moja tu. Daftari la karo hufunguliwa mwisho wa mwezi. Apimaye katikati ya mwezi atasema halina kazi. Pimeni siku ya kazi nyingi.

Basi msiulize programu imeomba nini. Tazameni inagusa nini, ndipo mnunue.

Maswali
1. Kwa nini kompyuta huchelewa kumbukumbu ikijaa?
2. Jani la nyasi lafanana na kitu gani katika kompyuta?
3. Programu imegusa kurasa 50,000, kila moja ya baiti 4,096. Imetumia baiti ngapi?