Je, Wajua? Blogu ya Bei Nafuu na Siri za Watu wa Ifakara

Je, wajua kwamba Ifakara ilianza kutunza siri za maelfu ya watu kabla wengi wetu hatujashika simu? Mwaka 1996 watafiti wa kituo tunachokijua leo kama Taasisi ya Afya Ifakara walihesabu kaya za vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kisha wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kila kaya ilipewa namba yake. Takwimu za malaria au za vyandarua zinapotoka, dunia husoma hesabu. Jina la mama wa kijiji cha Idete aliyejibu maswali halimo. Anayetaka kufungua blogu katika Bonde hili la Kilombero, na kuandika habari za majirani zake, ana mwalimu wa kutunza siri hapo hapo mjini Ifakara.

Je, wajua maandishi yana uzito gani? Makala ya urefu wa hii ni kama kilobaiti 3. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ni sawa na makala 1,000 za namna hii. Ukurasa wa maandishi matupu, usio na matangazo wala kihesabu wageni, hufunguka hata mtandao unaposuasua huko Mlimba, na bando la msomaji linabaki salama. Pa kuuweka bure hapakosekani: GitHub Pages, kwa mfano, inaruhusu tovuti ya hadi gigabaiti 1, nafasi ambayo mwandishi wa maneno hawezi kuimaliza maishani. Ila cha bure nacho kina macho. GitHub wenyewe wanasema huhifadhi anwani za IP za wanaotembelea kurasa hizo, kwa sababu za usalama. Majukwaa yanayoishi kwa matangazo huchukua mengi zaidi, na anayelipa ni msomaji wako, bila kuulizwa. Kwa maoni yangu, kihesabu wageni ndicho cha kwanza kutupwa. Kinamfurahisha mwenye blogu tu.

Blogu za Kiswahili si za jana. Ndesanjo Macha alikuwa na blogu yake ya Jikomboe mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Issa Michuzi akaanza yake mwaka 2005 akiwa Helsinki.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 kumiliki blogu Tanzania kuligeuka biashara ya wenye uwezo? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka huo zilitaka shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kuanzia, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mkulima wa mpunga wa Mngeta mwenye fedha hiyo ana pawatila ya kulipia kwanza. Kanuni hizo hizo ziliagiza intaneti kafe ziweke kamera za ulinzi. Mwaka 2020 zilibadilishwa kwa kanuni mpya, nazo zimerekebishwa tena baadaye, kwa hiyo waulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ada ya sasa na kama blogu yako inahitaji leseni. Usitegemee mjuaji wa kijiweni.

Leseni si mtihani pekee. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa, akashtakiwa kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Kesi ile ina funzo ambalo hata mwenye blogu ndogo anaweza kulitumia bila gharama: taarifa usiyoikusanya hakuna awezaye kukudai. Usiweke fomu ya kuomba jina na namba ya simu. Na namba yenyewe usidhani ni ya kujificha, kwani Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa.

Sheria nayo ipo upande wa msomaji. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ukitaka anwani ya blogu ya kulipia, badala ya ile ya bure, ipo inayoishia na .me.tz, iliyotengwa kwa ajili ya watu binafsi.

La mwisho ni kamera ya simu yako. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa, hadi mlango wa nyumba. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla hujapiga picha ya shamba la mtu.