Stabilaiza Imefungwa kwa Mpira wa Baiskeli

Bariadi ukisikia ndinga inapita na chini inalia ko-ko-ko, usishtuke. Hiyo ni IST ya mwana fulani, stabilaiza linki zimekufa na mwenyewe anasubiri mkwanja wa pamba. Wengine hawasubiri hata huo mkwanja. Fundi anazama uvunguni, linki zinatoka, kelele kwisha, "endesha tu mwanangu, haina noma." Mchuma unadunda kitaa msimu mzima.

Kinachochekesha ni kwamba hii ishu tunayoifanya kwa ukata, kuna watu wanailipia mtonyo mrefu. Jeep Wrangler Rubicon ya 2007 ilikuja na kitufe kabisa kwenye dashibodi. Ukiwa kwenye fowili unabonyeza, stabilaiza ya mbele inajiachia. Ukizidisha mwendo, kwenye kilomita 29 kwa saa hivi, inajifunga yenyewe. Toyota nao baadhi ya Land Cruiser 200, zile V8 za misafara ya wakubwa, waliziwekea mfumo wa mafuta unaoamua lini stabilaiza ikaze na lini ilegee. Mheshimiwa anakunywa maji yake nyuma, gari linajifikiria lenyewe.

Sisi tulikuwa na pikapu ya Land Cruiser, mkonga, haina kitufe cha kitu chochote zaidi ya taa.

Ilikuwa msimu wa pamba. Tumetoka Bariadi asubuhi kuelekea upande wa Kisesa, kule Meatu, mimi na mshkaji dereva, na nyuma kapanda mzee mmoja fundi aliyeomba lifti. Tukaiacha barabara kubwa, tukashika njia ya ng'ombe. Mbele korongo. Limekauka, lakini limeliwa na maji ya masika mpaka lina meno. Mshkaji, bishoo wa usukani, akaingia kwa mshazari. Katikati ndinga ikagoma: tairi la mbele kushoto linazunguka hewani kama feni, la nyuma kulia nalo hivyo hivyo. Anakanyaga moto, vumbi tu.

"Zima," mzee akasema. "Rudi nyuma mpaka pale tambarare. Shuka, nikuoneshe."

Shikamoo tulikuwa tumempa asubuhi. Sasa ndiyo tukampa heshima yake yote.

Stabilaiza ni chuma kimoja kimekunjwa kama herufi U, kinawashika tairi la kushoto na la kulia wasiachane. Kwenye kona bodi ikitaka kulala upande, chuma kinajisokota na kukataa. Kwa lami ya Lamadi, Bariadi mpaka Maswa, hicho chuma ni mwanao wa damu. Korongoni ndiyo kinazingua. Tairi moja limepanda tuta, mwenzake anatakiwa ashuke shimoni, chuma kinamwambia hapana, tunapanda wote. Mwenzake anabaki hewani. Na difu ya kawaida haina akili, nguvu inaipeleka kwa yule anayezunguka bure.

Mzee alitaka tambarare kwa sababu gari likiwa limelala upande linki inakuwa na mzigo, ukilegeza nati inaweza kukuchapa vidole. Akafungua kushoto, akafungua kulia, pande zote mbili. Akachana mpira wa baiskeli, akaifunga stabilaiza juu, mbali na tairi. Kisha akaupapasa mpira wa breki pande zote, taratibu, kama mtu anapima mapigo ya moyo: tairi likishuka kuliko lilivyozoea, huo mpira usivutike ukakatika. Nati akanikabidhi mimi.

Tukaweka fowili nzito, gia namba moja, hakuna kukanyaga moto. Nilishuka nione. Aisee! Tairi la mbele lilishuka kwenye shimo polepole kama mguu wa mtu anayetafuta ngazi gizani, likagusa chini, likashika. Bodi ilikuwa inayumba kama mtumbwi, lakini ngoma ikapanda ng'ambo bila kelele. Kule Kenya kwenye Rhino Charge, inayopigwa tangu 1989, anayebeba ushindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, siyo aliyekimbia. Sasa nimeelewa kwa nini.

Kitaa nilipolisimulia hili, masela wakadaka juu juu. Kila mtu anataka kufungua, eti mvua zikija mbuga haitamsumbua. Tulieni. Wasukuma wameupa udongo majina toka zamani: luseni wa kichanga huko juu, itogolo, ibushi (siyo bushi ya gari, acheni utani), halafu chini kabisa mbuga, ule mweusi. Mbuga ikinyeshewa, tairi zako zote nne ziko chini tayari, tena chini kinoma. Hapo shida ni utelezi, na stabilaiza haihusiki. Tafuta maksai wakuvute. Na wewe wa IST, tairi zako hazina hata safari ya kushuka. Ukifungua umeondoa kelele tu, na kona umeziharibu.

Sisi wenyewe jioni ile ile ya korongo tulichoma. Tumepakia pamba imepita kichwa cha gari, mzee tumeshamshusha kwake, stori zimenoga, mzuka umepanda. Tulipogusa lami mshkaji akafungulia. Kona ya kwanza tu, mchuma ukalala upande wangu mpaka nikaona lami kwa karibu, magunia yakalia kwa nyuma, kamba ikakaza. Mshkaji akaachia moto, akaegesha, kimya. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Tukalala chini na tochi ya simu, tukakata mpira wa baiskeli. Nikaingiza mkono mfukoni. Nati tatu. Zilikuwa nne.