Cheo Hakitawanyi Mawingu

Kila helikopta ya jeshi au ya polisi inapoanguka, swali la kwanza linaloulizwa ni kama kosa ni la mashine au la rubani. Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Rubani hufundishwa, na ubora wa mafunzo yake mara nyingi ndio unaoamua kama hitilafu itaishia katika daftari la fundi au makaburini.

Mururu, katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ni mfano mzuri wa mahali panapompima rubani. Mto Rusizi unapita hapo ukitoka Ziwa Kivu, ambalo liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Vilima vimesongamana, na karibu na kituo cha umeme cha Rusizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989 kwa manufaa ya Rwanda, Burundi na Kongo, nyaya kubwa za umeme huvuka mabonde. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, hivyo mapanga ya helikopta hupoteza sehemu ya nguvu yake. Mzigo unaobebeka bila taabu katika pwani ya Dar es Salaam unaweza kuishinda mashine hiyo hiyo vilimani. Waya nao hauonekani hadi umekaribia mno. Kwa hiyo rubani aliyefunzwa vizuri hutafuta nguzo, akavuka juu yake. Rubani aliyezoea tambarare tupu, hata akiwa na saa nyingi za kuruka, hapo ni mwanafunzi.

Ni dhahiri, basi, kwamba wingi wa saa si kipimo pekee. Injini ikizimika, rubani ana sekunde chache mno za kushusha wenzo wa mkono wa kushoto, ili hewa inayotoka chini iendelee kuyazungusha mapanga mpaka atue. Kitendo hicho hakijifunzwi siku ya ajali. Sharti kirudiwe mara kwa mara mbele ya mwalimu.

Mawingu ni adui mwingine. Rubani asipoiona ardhi, masikio yake humdanganya kuhusu juu na chini. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwapima watu 20 wasio na ujuzi wa kuruka kwa kufuata vyombo peke yake. Wote walishindwa kuiongoza ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Afrika Mashariki imeyaona madhara ya milima na hali mbaya ya hewa. Tarehe 30 Julai 2005, helikopta ya rais wa Uganda iliyomchukua Dakta John Garang, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, ilianguka milimani kusini mwa Sudan katika hali mbaya ya hewa. Watu wote 14 walikufa. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia kupitia Kenya. Moja, aina ya Mi-17, ilifika Garissa salama. Tatu za Mi-24 ziliangukia Mlima Kenya, na askari saba wakapoteza maisha.

Si haki kuwabebesha marehemu lawama zote. Rubani hajipangii safari, hajichagulii njia, wala hajitengei fedha za mazoezi. Jeshi linalopunguza saa za mazoezi ili kuokoa mafuta huweza kulipa baadaye kwa mashine na kwa roho za watu.

Aidha, mafunzo bora humfundisha rubani kukataa. Rubani anayesema "turudi" mbele ya ofisa mkubwa hajavunja nidhamu, ameitimiza. Cheo hutii amri na hutoa amri, lakini hakitawanyi mawingu wala hakiteremshi mlima.

Wajibu huo unawahusu pia askari wanaosafirishwa. Ni juu yao kutaja uzito halisi wa mizigo yao, kueleza kwa ukweli hali ya hewa ya mahali walipo, na kutomharakisha rubani. Kamanda naye, kabla ya kuuliza helikopta itaruka saa ngapi, aulize kwanza rubani wake alifanya mazoezi ya milimani lini.