Kuijua Kompyuta kwa Kasha Lake (2)

Juma lililopita tulieleza kwa nini daftari la mali lililoandikwa "kompyuta" bila neno jingine halimfai mkaguzi wala fundi. Safari hii tuitazame mashine yenyewe inavyojitambulisha, kwani ushahidi wake umo ndani na watunza mali wengi hawajawahi kuuomba.

Ubao mama wa kompyuta una programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows au Linux. Humo mtengenezaji huandika, kwa utaratibu uitwao SMBIOS, jina la kampuni, modeli, namba ya mashine na aina ya kasha. Kasha hupewa tarakimu: 3 ni kompyuta ya mezani, 9 na 10 ni za mpakato, 13 ni ile iliyojengwa pamoja na skrini yake, 23 ni seva ya kwenye raki, 30 ni tableti. Kwenye Linux, soma faili /sys/class/dmi/id/chassis_type. Ndani yake hamna kitu ila tarakimu hiyo. Kwenye Windows, andika (Get-CimInstance Win32_SystemEnclosure).ChassisTypes katika PowerShell, nayo itakuonyesha tarakimu hiyo.

Usiiamini peke yake, hata hivyo. Tarakimu hiyo imeandikwa kiwandani, na si kila kiwanda ni makini. Kwenye mashine za kuunganishwa na mafundi, mahali pa namba ya mashine mara nyingi hukutwa maneno "To Be Filled By O.E.M.", yaani nafasi iliyoachwa ajaze mwingine, naye hakujaza. Programu ya kukusanya taarifa ikiyameza hivyo hivyo, mashine nyingi zitaingia daftarini kwa "namba" moja. Kompyuta pepe, zile zinazoendeshwa ndani ya seva, mara nyingi hujitaja 1, maana yake "nyingine". Kuziorodhesha kama mali ya kushikika ni kuharibu hesabu. Hata betri, ambayo wengi huitumia kuitambua mpakato, si shahidi kamili: UPS iliyounganishwa kwa waya wa USB huweza kuonekana na Windows kama betri, na kompyuta ya mezani ikadhaniwa mpakato.

Tena ubao mama ukibadilishwa, namba ya zamani huondoka nao fundi asipoiandika upya.

Kwa hiyo, ndugu mtunza mali, siku kompyuta inapopokelewa, kabla hujamkabidhi mtumiaji, andika tarakimu ya kasha, modeli na namba, ulinganishe na stika iliyobandikwa nje. Juma lijalo tutazungumzia mashine zinazoondolewa daftarini.